Niliuliza Waya wa Bodi Unafungwa Wapi

Siku niliyoliunguza gari la mume wangu, yeye alikuwa mbele yangu kwenye kiti cha magurudumu, analia kwa sauti. Mimi nikadhani ni furaha.

Mwenye roho nyepesi apite zake mapema.

Mume wangu alikuwa fundi rangi wa magari, wenzake wakimwita Brashi. Kwa miaka alikiunga chuma kwa chuma kigari cha zamani cha mashindano, milango miwili, kimelala chini utadhani kinatafuta sarafu iliyoanguka. Mimi nashona sare za shule. Kile kigari nilikiita mke mwenzangu, na sikuwa natania sana.

Wiki aliyomaliza kukipaka rangi, kiharusi kikamwangusha. Kikamchukulia upande wa kulia na maneno yote.

Daktari aliniambia nimpe mgonjwa raha anazozipenda, maana dawa zimefika mwisho. Nikajiapiza: huyu mtu haondoki duniani bila kulisikia gari lake linanguruma.

Tatizo ni kwamba betri ilikuwa imetolewa, iko pembeni, imekauka kama koo la mlevi asubuhi. Na mimi wa magari najua kupanda na kushuka.

Mume wangu alikuwa kwenye kundi la simu la wenye magari ya zamani. Nikachukua simu yake, nikajitambulisha, nikawaeleza ninachotaka kumfanyia mwenzao. Dua zikamiminika.

Aliyejibu kuliko wote ni mkuu wa kundi, wanamwita Profesa. Yeye ana gari la aina hiyohiyo. Huyo bwana amekula kwangu mara nyingi kuliko mawifi zangu.

"Uliza lolote, shemeji," akaandika. "Hapa hatuchekani."

Nikauliza. Betri iliyokauka inafufuka? Akanielekeza nifungue vifuniko, niongeze maji ya betri na si ya bomba, niichaji polepole, nje, mbali na jiko. Ikafufuka. Ule ukungu mweupe kwenye vichwa vyake je? Maji ya moto na magadi, kisha usugue. Ukatoka. Yaani kila alilosema lilikuwa kweli, nami nikamwamini mpaka basi.

Likabaki swali la mwisho. Kulikuwa na nyaya mbili nene, zote zimevikwa kitambaa cheusi, hazina alama. Mmoja umekazwa kwa boliti kwenye bodi ya gari, wa pili unaenda kwenye stata ya kuwashia injini. Upi unafungwa wapi?

Profesa akajibu: "Wa bodi unakaa kwenye hasi, shemeji. Kama gari lolote."

Chini yake vidole gumba vikajipanga, safu nzima.

Nikajaribu, zikagoma. Klempu ya waya wa bodi, kile kibanio cha kwenye betri, ilikuwa pana, inacheza kwenye kichwa cha hasi. Ile nyingine ikawa nyembamba, haiingii kwenye chanya. Gari lenyewe lilikuwa linanikataza, mimi sikuelewa lugha. Profesa akasema hiyo nyembamba niipanue kwa bisibisi, na ile pana niikaze kwa kipande cha bati. Nikafanya hivyo.

Siku yenyewe alikuja na wenzake watatu. Walisimama mbali, karibu na geti. Nikaona ni heshima, wanatuachia mimi na mgonjwa wangu nafasi.

Nilifunga chanya kwanza. Nilipousogeza waya wa bodi kwenye hasi, mume wangu akaanza. Mkono wa kushoto unapiga kiti, koo linatoa mlio ambao sijawahi kuusikia, machozi yanamwagika.

"Subiri kidogo, mume wangu," nikamwambia. "Utalisikia."

Profesa akasema kule getini, "Ona alivyofurahi."

Nikakaza nati.

Cheche ziliruka, moshi ukatoka chini ya dashibodi, kile kitambaa cha nyaya kikashika moto na moto ukaingia kwenye viti. Mimi niliwahi kukivuta kiti cha mgonjwa. Majirani walipofika na ndoo za mchanga, zilibaki mbavu nyeusi tu.

 Mume wangu akanitazama, akafumba macho. Tangu siku hiyo hakula tena chakula kutoka mkononi mwangu. Wifi ndiye aliyekuwa akimlisha, mimi nasimama mlangoni na sahani. Iliniuma vibaya sana.

Profesa akaleta winchi, uso umejaa huruma. Alilichukua kwa bei ya chuma chakavu, nami nikamshukuru.

Mume wangu alifariki miezi michache baadaye.

Baada ya arobaini, Profesa akanipa kazi ya kushona kava za viti vya gari lake. Nikazipeleka mwenyewe karakana kwake. Pembeni nikaliona letu, limepasuliwa kama ng'ombe wa buchani. Lake lilikuwa limefunguliwa boneti. Waya mnene ulitoka kwenye bodi. Nikaufuata kwa kidole mpaka kwenye betri.

Ulifungwa kwenye chanya.

Nikamuuliza. Akafuta mikono taratibu. "Baadhi ya magari ya zamani yalitengenezwa hivyo, shemeji. Bodi inakaa chanya."

"Ulijua?"

"Sote tunajua. Brashi alinikatalia giaboksi yake miaka yote, na haipatikani tena. Nilidhani zitaungua nyaya tu, ukate tamaa uniuzie. Moto sikuutaka." Kisha akanyoosha mkono. "Hizo kava umezimaliza?"

Sikumpa. Nilirudi nyumbani, nikaitafuta simu ya marehemu ambayo sikuwa nimeigusa tangu siku ya moto. Nilitaka kuwatukana wote kwenye kundi, mmoja mmoja, mpaka na waliowazaa.

Sikuweza kuandika. Kundi lilikuwa limefungwa kwangu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Profesa: "Tumemwondoa ndugu yetu Brashi kwa mujibu wa kanuni. Kundi ni la wenye magari."

Nikatazama tarehe. Ni siku ileile winchi ilipoondoka na gari. Mume wangu alikuwa bado hai, chumba cha pili, anakataa uji wangu.

Wewe unayesoma, kikulacho ki nguoni mwako. Ukiuliza swali mbele ya wengi, usihesabu waliokujibu. Tafuta nani kati yao atafaidika ukikosea.