Bonde Kwenye Boneti

Baba yangu ni mtu mgumu kumpa zawadi. Ukimletea shati jipya atakuuliza la zamani limekosa nini, kisha atalikunja hilo jipya na kulilaza kabatini lisubiri msiba wa watu. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu mjini Arusha, na katika miaka yote hii ya kushona sijawahi kumshonea baba shati hata moja. Kazi anayonipa ni ileile, kugeuza kola. Kola ikichakaa shingoni naifumua, naigeuza upande wa chini uje juu, naishona tena, na shati linaanza maisha mapya. Wateja wa siku hizi hawajui hata kama kitu hicho kinawezekana. Baba anaona ndiyo sababu mimi nilizaliwa.

Kwa hiyo kaka yangu aliyeko Dar es Salaam alipompigia simu kumwambia amemnunulia injini, nilijua maneno yatakuwepo.

Injini ilikuwa ya pikapu. Ile pikapu ni kubwa kwangu kwa umri, ya kijani iliyopauka, na ndiyo iliyotulea. Shamba letu liko juu ya Tengeru, mlimani, na kwa miaka mingi baba na mama waliteremsha ndizi sokoni kwa gari hilo, baba akiendesha, mama pembeni yake na mtoto mgongoni. Mama alipofariki tukamzika kulekule nyumbani, katikati ya migomba yake. Baada ya msiba tulimleta baba mjini akae nami Sekei. Alikubali kwa sharti kwamba pikapu nayo ije, na kwamba akitaka kwenda kumwona mama hataomba ruhusa ya mtu. Akawa anakwenda. Asubuhi unamsikia anawasha gari, jioni anarudi na mkungu wa ndizi na matope kwenye viatu, na usiku ule anakula vizuri.

Halafu injini ya zamani ikafa. Haikuugua, ilikata roho tu pale getini.

Tulimwambia tutampeleka. Mimi nilisema, kaka akasema atatuma gari, majirani wa kanisani wakajitolea. Baba alikataa wote kwa heshima. Aliniambia mwanaume haendi kumtembelea mkewe akiwa amepakiwa kama gunia. Nikamkasirikia, maana mimi nina hasira za karibu, nikamwambia basi na akae. Akakaa kweli. Alitoa kiti barazani, akawa anaitazama pikapu asubuhi mpaka chakula cha mchana, na chakula chenyewe anakidonoa. Suruali zikaanza kumpwaya. Mimi kiuno cha mtu nakijua kwa macho, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba baba anapungua. Niliogopa. Nilimwona akimfuata mama taratibu, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki.

Ndipo injini ikaja. Ilikuwa ya dizeli, imetolewa kwenye gari la aina nyingine kabisa, na hakuna aliyeipima. Katika ukoo wetu hatupimi. Mama alikuwa akiukadiria mkungu kwa kuuinua kidogo tu, na baba alijenga nyumba nzima kwa hatua za miguu yake. Kaka akasema injini ni injini. Fundi makenika akaifunga, ikawaka, ikanguruma vizuri mno, baba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mvua za masika. Kisha wakashusha boneti, ikagoma kufunga. Kichwa cha injini kilikuwa kimeizidi kwa vidole vitatu.

Makenika akatuelekeza kwa fundi bodi. Huyu alikuwa mwanaume mnene mwenye sauti ndogo, gereji yake uwanja wa wazi uliojaa vumbi letu la Arusha, lile jepesi linaloingia hata ndani ya soksi. Alimwamkia baba shikamoo, akaizunguka pikapu kama mtu anayekagua ng'ombe, akasema hiyo ni kazi ndogo. Atakata tundu katikati ya boneti, kisha atachomelea juu yake kisanduku cha bati chenye mdomo unaotazama mbele, cha kuvutia hewa. Vijana wanavipenda sana, alisema, na akatuonyesha kimoja kwenye gari la mteja mwingine. Kilikuwa kimepakwa rangi nyekundu.

Baba alikitazama kwa muda mrefu. "Mdomo huo wa nini? Gari langu halili nzi."

Fundi akacheka, akasema mdomo unaweza kuzibwa. Akachukua chaki, akachora mraba mahali atakapokata. Baba akaona mraba uko wapi, akausogelea, akaufuta kwa kiganja. Kisha akafuta kiganja kwenye suruali, akaniambia turudi nyumbani.

Katikati ya ile boneti kuna bonde. Mgeni ataona bati limebonyea, labda liliangukiwa na kitu. Sisi tunajua lilivyotengenezwa. Mwezi wa saba mlimani ni baridi ya kuuma meno, na mama alikuwa akifika sokoni alfajiri na mtoto mchanga, mikungu inasubiri kushushwa. Boneti ilikuwa ya moto kutokana na safari. Basi alikuwa anakunja kitenge mara mbili, anakitandika pale katikati, anamlaza mtoto juu yake, baba anasimama kulinda asiviringike. Kaka yangu alilala pale. Dada yangu, ambaye sasa ni bibi wa watu, alilala pale. Mimi nililala pale mpaka umri wa kuona aibu. Soko likichangamka mama mwenyewe alikuwa akikaa palepale na kuhesabia wateja ndizi zao, na mama hakuwa mwembamba. Watoto kwa mama, mwaka kwa mwaka, bati likashuka. Ukiweka kiganja unapapata mahali pa mgongo.

Baba alikuwa na lalamiko lake la siku zote kuhusu boneti hiyo, na tulilijua kwa moyo. Naye alikuwa akitetemeka kule sokoni. Naye alitamani kulitandaza koti lake hapo lipate moto kabla ya kulivaa. Mama hakumruhusu hata siku moja. Alimwambia watoto wakikua atapata zamu yake. Baba alikuwa akituhadithia hayo kwa uchungu wa kuigiza, sisi tunacheka, mama anacheka zaidi.

Sasa fundi anataka kukata palepale. Nilirudi kwake peke yangu kumwuliza kama hawezi kuchomelea pembeni, au mbele kidogo. Alinieleza kwa upole, akanionyesha kwa mkono mahali injini inapogusa. Ilikuwa inagusa chini ya bonde na si kwingine. Nilimwelewa. Kwenye cherehani pia kuna mahali ambapo mkasi lazima upite, na kitambaa kikishakatwa hakirudi kuwa kizima.

Nyumbani baba alisema injini irudishwe Dar. Nikamwambia dukani hawarudishi. Akasema basi iwe ya kuangalia. Mimi nikachambua mchele kwa nguvu zisizohitajika. Mwishowe nikamwambia nitamwomba fundi akate kile kipande kwa uangalifu, ampe, akiweke chumbani kwake. Boneti itafungwa, na bonde atakuwa nalo. Asubuhi nilimkuta amevaa koti na kofia, amekaa kitini anatazama geti. Alisema atakubali, lakini bati lisikatwe yeye akiwa hayupo, kama vile mtu asivyopasuliwa bila ndugu hospitalini.

Siwezi kusimulia vizuri sauti ya ile mashine ya kukatia. Niliziba masikio, na nikalia, nikasingizia cheche. Baba hakuziba kitu. Alisimama karibu kuliko fundi alivyotaka, mikono nyuma, mpaka kipande kikaachia. Fundi alikilaza juu ya gunia kipoe, akakisugua kingo kwa msasa, akamkabidhi baba kwa mikono miwili. Baba akaenda kukaa nacho kwenye benchi chini ya kivuli, amekiweka mapajani.

Fundi akarudi kwenye kazi ya kisanduku. Alikunja bati jipya, akaliweka juu ya tundu, likawa refu mno. Akalipunguza, likakaa upande. Lilionekana kama kofia ya kuazima. Nami sikuweza kunyamaza, nikamwambia pembe ile ikunjwe ndani, akaniambia dada, hili si gauni. Tukawa tunabishana hapo kwa raha kabisa.

Baba alikuwa hatusikilizi. Pembe za kipande zilikuwa zinamchoma mapajani, akakigeuza ili upande uliobonyea uangalie chini. Nikamwona anakipapasa. Bonde lilikuwa limekuwa kilima. Akakipapasa tena, akatazama pikapu, akatazama mikono ya fundi yenye bati jipya, kisha akafanya kitu ambacho nimekiona mara maelfu mlangoni pa kibanda changu: akashika kola yake mwenyewe kwa vidole viwili.

Akaniita. Hakumwita fundi, aliniita mimi.

"Kigeuzeni," alisema. "Kama kola."

Fundi alianza kucheka kwa heshima, kisha akaacha. Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akakilaza juu ya tundu lake kilikotoka. Kikakaa. Kilikuwa kimeinuka katikati, laini, bila mdomo, bila pembe, kama nundu ya ng'ombe wa kwetu. Akajaribu kushusha boneti. Ilikaribia sana kufunga, ikagusa kidogo tu. Akasema akikiongeza kwa nyundo kitatosha.

Hapo ndipo nilipokumbuka kitu, nikakisema kabla sijakifikiri. Nilisema, baba, hapo sasa hapatalala mtu tena, mtoto atateleza.

"Mmeshakua," baba alinijibu.

Aliyasema bila uzito wowote, macho yakiwa kwenye bati. Mimi ndiye niliyelazimika kugeukia pembeni.

Fundi alikilaza kipande juu ya mfuko wa mchanga, akaanza kukigonga kwa nyundo ya mbao, palepale kwenye bonde. Baba alisimama juu yake kila pigo. Alimwambia taratibu, hapo walilala watu. Fundi akapunguza mkono, akagonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Alipomaliza akauliza ni upande upi apake rangi nzuri, maana upande uliokuwa wa chini, mweusi kwa moshi wa miaka, ndio sasa unaotazama juu. Baba akasema huo ndio usafishwe upakwe. Ule waliolalia watoto uachwe ulivyo, na kijani chake kilichochakaa, ukae ndani kwenye joto. Nilielewa mara moja. Kola hufanywa hivyohivyo, palipochakaa panalala ndani, karibu na mwili.

Kijani kipya hakikufanana na cha zamani. Fundi alichanganya rangi mara nyingi, na bado nundu iling'aa peke yake katikati ya boneti iliyopauka. Mstari wa kuchomelea nao ulionekana kidogo, ingawa alijitahidi kuufuta kwa msasa. Alitaka kuziba zaidi kwa puti, baba akakataa, akasema mshono hauna aibu. Nilifurahi kusikia hivyo, kwa sababu mashati yake yote mishono huwa anailalamikia.

Tulikwenda nyumbani kule mlimani asubuhi moja ya mwezi wa saba. Nilimwomba nimsindikize, akasema naweza, lakini kama abiria. Aliendesha taratibu sana, magari yakatupita yakipiga honi, naye akawa anawapungia kana kwamba wanamsalimia. Mbele ya macho yake ile nundu ilikuwa imesimama, kijani mno. Tengeru tukaacha lami, tukapanda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na manyunyu yalikuwa yanagonga kioo. Dizeli ilinguruma bila kulalamika hata kwenye ule mlima wa mwisho ambao injini ya zamani ilikuwa ikituteremsha tusukume.

Alisimamisha gari uani, akazima. Nikashuka na maua, nikaanza kuelekea migombani kwa mama. Baada ya hatua chache nikagundua niko peke yangu.

Baba alikuwa mbele ya pikapu. Alikuwa amevua koti. Amebaki na shati la mikono mifupi, kola yake niliyoigeuza mwaka uliopita, mikono imemsisimka kwa baridi. Koti alikuwa amelitandaza juu ya nundu, mabega ya koti yamekaa pale yakatulia, akawa analinyoosha mikunjo kwa kiganja. Nikamwambia baba, utaugua, vaa koti.

"Subiri," alisema. "Lipate moto kwanza."

Nikasubiri naye. Manyunyu yalitulowesha nywele. Alikuwa anatetemeka wazi, na hakuwa na haraka. Mara akaingiza mkono chini ya koti kupima joto, akautoa, akaurudisha. Kisha akalichukua, akalivaa, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka juu, akanipokea maua, na akatangulia yeye migombani kumwambia mama kwamba zamu yake imefika.