Wazo la Wifi, Wazo Langu

Wifi yangu ndiye aliyenitafutia kazi kwenye kiwanda kidogo cha krispi za muhogo pale Tabata, na mume wangu hakuniacha nisahau. Nikirudi Kimara nimechoka, ananiuliza kwanza habari za dada yake.

Bosi wetu, mama wa Kihindi asiyependa makelele, alianzisha utaratibu: mwenye wazo la kuboresha kazi asimame Ijumaa baada ya chai, aliseme mbele ya wote. Likifaa, anapewa zawadi. Mwanzoni tulitazamana tu. Kisha wifi akasimama, khanga kiunoni. Vile vipande vilivyovunjika tunavyowapa wafuga kuku, akasema, tuvichanganye na karanga na pilipili, tufunge pakiti ndogo za kuuza maduka ya karibu na shule.

Maduka yakaagiza tena kabla hatujapumua. Wifi akakabidhiwa jiko la gesi la plati mbili, na mtungi wake. Nilipiga vigelegele kuliko wote, maana uso ulikuwa umenishuka na sikutaka mtu auone. Simung'unyi maneno: niliona wivu, tena wivu wa kunikosesha hamu ya kula. Nyumbani nikamkuta mume wangu ameshatuma picha ya jiko kwenye grupu la kwaya.

"Kichwa cha dada si mchezo," akaniambia. "Nyie wengine mnaendaga kukaanga tu."

Nyie wengine! Mie nilitaka aseme hivyo juu yangu mara moja tu, kwamba kichwa cha mke wangu si mchezo. Basi nikifua, nikisukwa, hata kanisani, natafuta wazo. Likanijia siku mafuta yaliponirukia mkononi: muhogo tulikuwa tunautia karaini ukiwa bado na maji. Ijumaa nikasimama, nikasema tuutandaze kwanza kwenye wavu mbele ya feni.

Bosi akajaribu. Mafuta yakatulia, krispi zikatoka kavu, naye akacheka, jambo tusilolizoea. Nikapewa jiko kama la wifi. Wifi alinikumbatia, na kwa mara ya kwanza nikamkumbatia bila kujilazimisha.

Nililipeleka nyumbani kwa bajaji, nimelipakata. Mume wangu akaligeuzageuza, akawasha, akazima. Mie nimesimama mlangoni, nangoja.

"Hongera sana, mke wangu," akasema. "Umeona sasa faida ya kukaa karibu na dada?"

Kisha akatoa simu, akampigia kumshukuru.