Swichi Chini ya Kiti

Juzi nilijiaibisha mwaloni, pale samaki wanaposhushwa ziwani, na sina wa kumlaumu. Pikapu kuukuu ya Mama Kulwa, muuza sangara, iligoma kuwaka huku barafu ikiyeyuka juu ya samaki. Stata ilizunguka vizuri, lakini plagi hazikutoa moto. Nikaitwa kuitengeneza. Nikafungua koili, nikasugua platini zinazokatiza umeme wa plagi, huku nikihubiri: "Tangu biashara iwe huria, spea ni feki tupu! Na mafundi wa siku hizi wanafunga chochote." Wachuuzi wakaniitikia, nami nikazidi. Mdomo ukifanya kazi sana, kichwa hulala.

Mama Kulwa akapitisha mkono chini ya kiti. Tak!

"Hebu washa sasa."

Ikawaka.

"Ni ile swichi ya kuzuia wezi," akasema kwa upole. "Nilidhani umeshaiwasha, fundi. Si ulinifungia wewe mwenyewe?"