Mtani Aliyewatoa Makocha Wetu

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Mkuyuni, kocha hakufukuzwa. Alitaniwa mpaka akaondoka mwenyewe. Vijana wa leo nikiwasimulia wananitazama kama nimechanganyikiwa, na mimi nikiona wanayoyafanya wao nabaki mdomo wazi, kwa hiyo tuko sawa.

Nakumbuka tulivyokuwa tunatoka shule mbio, sare hatujavua, tuwahi uwanjani. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa kumenya machungwa ya mapumziko, na tulikula mengi kuliko wachezaji. Masika uwanja ulikuwa tope tupu. Mshambuliaji akipiga kichwa, anatoka na udongo mpaka puani. Siku hizi mtoto anaukwepa mpira wa juu asije akaharibu nywele alizolipia saluni.

Kocha wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa amefanya kazi reli kule Kisaki, na alifundisha kwa filimbi tu, maneno hana. Akafuata katekista wa parokia, aliyewakimbiza vijana mlimani kisha akawasalisha rozari bado wanahema. Wa tatu alikuwa mjomba wetu Kobelo, kaka yake mama, ambaye timu ikifungwa hali chakula. Wote watatu waliondolewa na mtu mmoja, Mzee Maganga, Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge akazeekea kwetu. Na Wanyamwezi, mnajua, ni watani wetu Waluguru.

Timu ikizidi kufungwa, wazee hawakuitisha kikao. Walimnong'oneza Maganga. Asubuhi anaingia kwa kocha bila hodi, anakaa kwenye kiti chake, anakula magimbi yake, anamkamata jogoo wake miguu. Kwa mjomba alisema, "Jogoo naondoka naye. Wewe baki na hawa matetea uwafundishe mpira, maana watu wamekushinda." Uani tulijaa tunacheka, mjomba naye anacheka huku machozi yanamtoka, na mpaka leo sijui yalikuwa machozi ya nini. Jogoo alichinjwa palepale, tukakaa na mjomba hadi jioni, na timu akapewa kaka yangu Deo. Mama alikuwa akituambia, "Kwa mtani hakuna kununa." Kweli mjomba hakununa. Mechi iliyofuata alikuwa pembeni ya uwanja anamgombeza mwamuzi kama kawaida yake.

Kaka Deo ameifundisha timu ile mpaka mvi zimemjaa kichwani. Basi mwezi uliopita, Jumamosi, nachambua mchicha jikoni, simu ikaita. Ujumbe wa grupu la timu: benchi la ufundi limevunjwa, tunamshukuru mwalimu Deo, tunamtakia kila la heri, na chini yake picha ya mikono inayoomba. Nikausoma mara ya pili. Mchicha ukanidondoka, jamani.

Kaka Deo ana kile kisimu cha tochi, hayumo kwenye grupu lolote. Nilipotoka nje nikamwona yuko uwanjani anamwaga majivu kuchora mistari ya mechi ya kesho. Watu wanapita, wanamsalimia, wote wameshasoma, hakuna anayesema. Nikampigia mwenyekiti, kijana niliyembeba mgongoni mwenyewe. Akanijibu bila wasiwasi, "Mama, si tumeshaposti?"

Mimi dada yake ningemwambiaje? Neno kama lile likitoka kwa ndugu ni tusi. Nikakumbuka kwamba Mzee Maganga ameacha mjukuu, Shija, anauza vitunguu barabarani pale Dumila. Nikampigia. Akaniuliza mtani ni kitu gani. Nikamfundisha yote kwa simu: usipige hodi, kaa kwenye kiti chake, kamata jogoo, mseme mpaka watu wacheke. Akakubali, mtoto wa watu, na kesho yake asubuhi akafika.

Akapiga hodi. Mimi, niliyetangulia kwa kaka kumsubiri, nikashika kichwa. Akavua kofia, akasema shikamoo, akakaa ukingoni mwa benchi, macho chini. Kaka Deo alikuwa anafunga kamba za viatu ajiandae kwenda kwenye mechi. Kijana akakohoa, akasema, "Pole sana, mzee."

Kaka aliziachia kamba. Akamtazama usoni muda mrefu, akaifahamu ile sura.

"Wewe si mjukuu wa Maganga?"

"Ndiyo, mzee."

"Babu yako alinicheka hata siku namzika mama," kaka alisema taratibu. "Wewe mtani wangu unatoka Dumila kuja kunipa pole? Basi sema, nimefiwa na nini?"

Kijana akanigeukia. Nikampa simu yangu yenye ule ujumbe, naye akamsomea. Kaka Deo akasikiliza hadi mwisho, akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akavipanga ukutani.

Nimekwisha kuona mengi, lakini hili limenishinda. Zamani mtu alitolewa mbele ya macho yetu, aibu yake tukaila naye pamoja na kuku wake, na kesho yake bado ni mtu. Mchana ule kelele za uwanjani zilitufikia tumekaa ndani, goli limeingia, hatujui la nani. Jogoo alikuwa uani anachakura. Mpaka jua linazama, hakuja mtu hata mmoja kumcheka kaka yangu.