Shemeji Sindo na Gari la Ufagio

Shemeji yangu Gumersindo Lacalle, Sindo kwetu sote, alitengeneza barabara za upande huu wa mkoa wa Soria kwa miaka thelathini na minane, na alipostaafu akaona zimekuwa mali yake. Akikuta shimo jipya anashuka kwenye baiskeli, analikagua, anamlaani aliyemrithi kazi, kisha anaendelea. Ndiye aliyeanzisha chama chetu cha baiskeli hapa Almarzuela. Ndiye anayepanga njia ya kila Jumapili. Na ndiye aliyetunga kanuni ya mayai.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kila Jumapili tunapumzika katikati ya safari kwenye baa ya kijiji fulani, na mayai ya kukaanga huwa yameagizwa kwa simu, yawe mezani saa nne kamili. Atakayekula mayai yaliyopoa, Jumapili inayofuata yumo kwenye gari la ufagio. Hilo ni gari linalofuata baiskeli nyuma, likiokota walioshindwa. La kwetu ni gari kuukuu la mizigo lenye viti vitatu mbele, na ufagio wa kweli umefungwa nyuma ili watu wasikosee.

Dereva wake ni mimi, Saturio. Miaka tisa iliyopita nilipata pancha tatu asubuhi moja, nikafika baa mayai yangu yamekuwa kama raba ya kufutia, na Sindo akanikabidhi funguo mbele ya watu wote. Hata pole hakusema, wala funguo hakuzidai tena. Tangu siku hiyo baiskeli yangu inaning'inia ghalani, na kuku wamejizoesha kuilalia.

Sasa Sindo ana miaka sabini na mitatu, na mwaka huu milima ilianza kutoweka.

Karatasi ya njia hubandikwa kila Ijumaa kwenye mlango wa duka la mikate. Februari iliandikwa kwamba hatutapanda mlima wa mashariki kwa sababu fahali watatu wametoroka zizini. Machi, mlima wa kaskazini ulikuwa na nyuki. Nyuki, Machi, na theluji bado iko kileleni! Tukazunguka mashamba ya shayiri Jumapili tano mfululizo, tambarare tupu, mpaka mbwa wa mashambani wakachoka kutubwekea.

"Mzee, njia ya leo hata bibi yangu angeipita na mkongojo wake," alisema Eloy, mchinjaji wetu, kijana wa miaka thelathini mwenye mapaja kama magogo.

"Kanyaga pedali, punguza mdomo," Sindo akamjibu. "Pafu likizoea mlima linalegea kwenye tambarare."

"Hiyo ni sayansi ya wapi?"

"Ya kwangu. Una nyingine?"

Uliobaki ni mlima mmoja tu, ule wa kwenda Torrecierzo, kwenye baa ya Obdulia. Kilomita saba, kona kumi na nne, na hakuna kivuli hata cha kuweka kofia. Mwezi Mei watu waliudai kwa kelele, na Sindo akaitikia kwa kichwa. Ijumaa karatasi ikasema: Daraja la Torrecierzo limepasuka. Njia imefungwa. Tutazunguka shayiri.

Nani angebisha? Mtu aliyejenga nusu ya madaraja ya huku akisema daraja ni bovu, basi ni bovu. Zaidi ya hayo, pale darajani kulikuwa na kizuizi cha rangi nyekundu na nyeupe, na kibao cha chuma chenye maandishi makubwa.

Siku nane baadaye Obdulia alinipigia simu.

"Saturio, huko chini kuna vita?"

"Vita gani, dada?"

"Basi kwa nini hatujaona mkate tangu Ijumaa iliyopita? Nicanor wa gari la mkate anasema daraja limepasuka. Mimi nikianika nguo naliona daraja lote, zima kuliko mimi na wewe. Na Benigna ana miaka tisini na miwili, jana nimemkuta analoweka mkate wa kuku wake kwenye maziwa!"

Torrecierzo wamebaki watu tisa. Hawana duka wala gari linalowaka. Mkate ukikosa kupanda, hawana mwingine. Nikawasha gari nikaenda. Daraja lilikuwa zima. Nilitembea juu yake, nikaruka-ruka, nikapiga teke ukingo nikaumia kidole. Halafu nikageuza kile kibao. Nyuma yake, kwa rangi ya bluu, ziliandikwa herufi mbili, G.L. Shemeji yangu anaandika herufi zake kwenye kila chombo chake, mpaka kwenye mpini wa jembe.

Nilimkuta gereji kwake anapaka cheni mafuta. Nikaweka kibao juu ya meza.

"Hiki ni cha nani?"

Akakitazama muda mrefu sana kwa kitu alichokiandika mwenyewe. "Kinafanana na changu."

"Sindo! Benigna anakula chakula cha kuku!"

Kitambaa kikamwanguka mkononi. Naapa hakuwa amefikiria habari ya mkate. Alikuwa amemfikiria mtu mmoja tu, na huyo alikuwa yeye.

"Nilitaka kuwazuia hawa wenye mapaja," akasema polepole. "Mlima ule siwezi tena kuumaliza kabla ya saa nne, shemeji. Nikifika mayai yatakuwa yamepoa, na nitaingia kwenye gari lako. Na wewe tangu uingie hujatoka."

Hilo liliniuma, na niseme ukweli, liliniuma kwa sababu hakukosea. Nilikuwa na jibu la matusi tayari. Nikalimeza, nikampa simu.

Alimpigia kwanza Nicanor, kisha Obdulia. Nilikuwa karibu, na Obdulia hajawahi kuhitaji spika.

"Nisamehe, Obdulia. Nilifanya kwa ajili ya mayai."

"Mayai gani, wewe mzee?"

"Mayai yangu. Yangepoa."

Obdulia akacheka mpaka akakohoa. "Kwani wewe unadhani mayai yako yanakaangwa na ya wenzako? Miaka sita sasa nachungulia dirishani. Nikikuona kwenye kona ile yenye msalaba ndipo navunja yako na ya Saturio. Ungefika jioni ungeyakuta ya moto!"

Sindo akawa mwekundu kuanzia shingoni. Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikifika nyuma yake, nakula mayai ya moto, na sikuwahi kujiuliza.

"Basi Jumapili hii," Sindo akasema kwa sauti ya kukwaruza, "vunja yangu pamoja na ya wengine. Saa nne kamili. Ukinionea huruma sitakanyaga tena kwako."

Ijumaa karatasi ilisema Torrecierzo. Chini yake aliandika kwa mkono wake kwamba daraja ni zima, lilikuwa zima, na aliyesema ni bovu ni yeye. Watu walisimama mlangoni pale wakisoma, na Eloy, ambaye hanyamazi hata akiwa kwa kinyozi, akaisoma mara mbili.

Jumapili niliufuata mgongo wake kilomita saba kwa gia ya kwanza. Wenzake walitupotea kwenye kona ya pili. Kwenye ya tano nikateremsha kioo.

"Shemeji, kuna kiti hapa. Kimepata jua, kina joto."

"Kikalie wewe."

"Konokono ametupita."

"Mpungie mkono."

Kona ya tisa alishuka, nikadhani amekubali. Kumbe kulikuwa na shimo. Akalikagua, akamlaani mrithi wake, akapanda tena. Nilicheka peke yangu garini, na machozi yalikuwa karibu. Nilimpenda sana yule mzee mwongo wakati ule.

Tulifika saa tano kasoro dakika ishirini. Kwenye baa waendeshaji kumi na mmoja walikuwa wamekaa wamekunja mikono. Sindo akavua helmeti, akaenda mahali pake, akagusa kiini cha yai kwa kidole. Kikadunda kama raba.

Akayala yote. Alitafuna polepole, akafuta sahani kwa mkate, akanyoosha mkono kwangu.

"Funguo, Saturio."

Miaka tisa nilikuwa nimeungoja mkono huo, na nilipouona sikuutaka.

"Ngoja kwanza," Obdulia akasema toka jikoni. "Watazame wenzako."

Tukatazama. Mbele ya kila mmoja kulikuwa na mayai mawili mazima, yamegandia kwenye mafuta yake. Hakuna aliyegusa.

Eloy akachukua uma. "Kanuni inasemaje, mzee?"

"Atakayekula mayai yaliyopoa, Jumapili inayofuata yumo kwenye gari."

"Haya." Akajaza mdomo, na wote kumi wakafuata, wakikunja nyuso kama watu wanaokunywa dawa. "Tumekula. Sasa tupange kumi na wawili kwenye viti vitatu."

"Eloy, una ng'ombe mzima kwenye mapaja, wewe peke yako ni viti viwili!" mmoja akapiga kelele, na baa ikalipuka.

Sindo hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, na sahani yangu, ambayo Obdulia alikuwa ameiweka saa nne kamili pamoja na nyingine.

"Kula," akaniambia.

"Mimi nimo tayari, shemeji. Kanuni hainihusu."

"Kanuni niliitunga mimi. Anayekula baridi akiwa nje, anaingia. Anayekula baridi akiwa ndani, anatoka." Akanisogezea sahani. "Na ile siku ya pancha tatu, pole. Kula, bwana."

Nikala. Yalikuwa mabaya mno, na sikubakiza hata chembe.

Jioni ile niliwafukuza kuku kwenye baiskeli.