Binamu wa Bosi

Jumapili mchana, katika ukumbi wa video huko Ruiru, nilikaa nyuma ya bwana mmoja na mkewe. Sinema ya majambazi ilikuwa sehemu ya pili, na wahusika wake walikuwa wengi mno. Mke hakutulia kitini.

“Baba watoto, huyu msichana naye ni nani?”

“Ni binamu wa bosi.”

Punde binamu akambusu bosi mdomoni. Mke akageuka, akamkazia mumewe macho.

“Na yule wako wa kule Mwiki, ni binamu wa aina gani?”

Mume akainama kufunga kamba za viatu zilizokuwa zimeshafungwa. Sote tuliokuwa karibu tulingoja jibu. Bosi aliuawa wakati huohuo, na mpaka leo sijui ni nani aliyemuua.