Siku Tuliyotafuta Udongo Venisi

Kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto mkabala na Kindu, mtu aliye ndani ya mtumbwi haambiwi msiba. Hata awe mtoto wa marehemu, hata awe mke wake, ataachwa apige kafi mpaka mtumbwi uguse mchanga, ashuke, apande ukingo, akae chini. Hapo ndipo ataambiwa. Wanaomngoja watampungia mkono kama kawaida, watamuuliza bei ya samaki kule sokoni Kindu, watacheka naye. Sababu yake si uchawi. Baba yangu mdogo, aliyezaliwa na wapiga kafi, alimwona kwa macho yake mwanamke aliyepigiwa kelele kutoka ukingoni kwamba kaka yake amekufa. Yule mama alisimama ghafla katikati ya mto, mtumbwi ukapinduka, na wakafa watu ambao msiba haukuwa wao.

Huyo baba mdogo alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa reli pale Kindu, na ndiye aliyeniingiza kazini nimlee mtoto wao. Mimi nimepewa jina la mama yake. Kwa hiyo, ingawa alikuwa amekula chumvi nyingi kunishinda, aliniita mama, nami nilimgombeza kama mama kweli. Wenzangu walishangaa. Mwanamke mdogo vile, anamfokea mzee mwenye mvi, na mzee anacheka tu!

Bwana alikuwa Mbelgiji, lakini Madame alikuwa Mwitaliano, mwenyeji wa Venisi. Zamu yao ya likizo ilipofika, Madame alitaka twende wote wawili. Mpishi aende kwa sababu bwana hakuweza kula mkono wa mtu mwingine, nami niende kwa sababu mtoto wao hakulala bila mgongo wangu. Zamani zile za Wabelgiji, mtu mweusi kwenda Ulaya lilikuwa jambo la kuzungumzwa mtaa mzima. Watu walikuja kuniangalia kana kwamba nimeshakwenda na kurudi.

Lakini nilikuwa na mtoto wangu pia. Binti, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuunganisha maneno. Baba yake alikwenda Punia kuchimba madini, akapata mke huko, tukamsahau, naye akatusahau. Wiki ya safari, mtoto akashikwa na kifaduro. Alikohoa mpaka midomo ikageuka rangi, kisha akavuta pumzi kwa sauti ile ambayo kila mzazi anaijua. Nilisema siendi. Mama yangu ndiye aliyenisukuma.

"Wende," alisema. "Kifaduro ya mutoto inapita. Miye nilikulea weye na kaka zako wote, nitashindwa na huyu mumoja?"

Nikaenda. Treni, meli, treni tena, na kila tuliposhuka niliuliza kama kuna habari ya Kindu. Hofu yangu ilikuwa hiyo moja tu. Nilimbeba mtoto wa Madame mgongoni, akikohoa kidogo kwa vumbi moyo wangu ulikuwa unaruka, kisha nakumbuka kwamba huyu si yule.

Nyumba ya wazazi wa Madame ilikuwa katika mtaa wa zamani wa Venisi, na mlango wake wa nyuma ulifunguka juu ya maji. Nimezaliwa kando ya mto, maji hayanitishi. Ila haya yalikuwa maji yaliyofugwa kati ya nyumba, hayana mkondo, yananuka, na ngazi zinashuka ndani yake zikiwa na majani ya kijani yanayoteleza. Mboga zililetwa kwa mashua. Takataka zilichukuliwa kwa mashua. Hata maiti, niliambiwa, anapelekwa kaburini kwa mashua. Baba wa Madame, mzee mwenye maneno mengi, alikuwa anakuja jikoni kumsimulia baba mdogo kwa Kifaransa kwamba mji wote umesimama juu ya miti iliyopigiliwa kwenye tope, msitu mzima uko chini ya miguu yetu. Alisema hivyo kwa fahari. Baba mdogo alisikiliza akimenya viazi, kisha akaniambia kwa Kiswahili, "Hii haiko muji, mama. Hii njo mutumbwi mukubwa." Nilicheka.

Asubuhi moja akaja na koti lake la Jumapili.

"Mama, uvae viatu. Leo tunaenda kutembea, miye na weye."

"Na kazi?"

"Madame ametoa ruhusa."

Madame ndiye aliyenifunga vifungo vya koti, yeye mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kama ninavyomfunga mtoto wake. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilidhani amegombana tena na mama yake, maana hao wawili hawakuelewana hata juu ya chumvi. Nikasema moyoni, kumbe wazungu nao wana siku ya kuona kazi ya mtu. Nikatoka kichwa juu.

Sikuwahi kutembea vile maishani mwangu. Kindu, mtaa wa wazungu tuliujua kwa kuufagia, na jioni ikifika usionekane huko. Hapa tulipita katikati ya njia yao na hakuna aliyetuuliza kibali. Walitutazama, ndiyo. Kuna mwanamke aliyeita wenzake waje dirishani. Nami niliwatazama! Vichochoro vilikuwa vyembamba hata mabega ya baba mdogo yakagusa ukuta huku na huku. Nguo zilizofuliwa zilining'inia juu yetu, mashati na shuka zenye viraka. Viraka, kwa wazungu! Kisha nikamwona mwanamume mzungu anasukuma mkokoteni wa makaa, jasho linamtiririka, anapiga kelele watu wampishe.

"Baba mudogo, angalia! Muzungu anabeba muzigo!"

Hakuangalia. Alikuwa anatazama chini.

Tulipanda daraja, tukashuka, tukapanda jingine. Kila tulipotokea kwenye uwanja, alisimama katikati, karibu na kisima cha jiwe chenye kifuniko cha chuma, akagonga sakafu kwa kisigino kama anavyogonga chungu kabla ya kukinunua. Akatikisa kichwa. Twende. Akamsimamisha muuza samaki na kumuuliza udongo uko wapi, kwa kile Kifaransa chake cha jikoni. Yule akapiga mguu wake chini: si huu hapa? Baba mdogo akakataa. Akainama, akafanya kama analima kwa jembe, akafanya kama anapanda mbegu, pale mbele za watu, na koti lake la Jumapili. Watu wakacheka sana. Nami nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tukaingia kanisani. Nilitaka kukaa nitazame zile picha darini, mawingu na malaika wanene, lakini yeye aliniacha akapiga magoti penye mawe ya makaburi, maana huko walizikana ndani ya kanisa, chini ya sakafu. Nikadhani anasali. Aliweka kiganja juu ya jiwe, kisha akakigeuza na kukitazama. Kilikuwa na unyevu.

"Maji iko chini," alinong'ona. "Hata hapa."

Nje kulikuwa na mwanamke anauza maboga yaliyookwa, ya moto bado. Akatugawia vipande, akakataa malipo, labda kwa sababu ya ule mzaha wa kulima. Boga lile lilikuwa tamu kama la kwetu. Baba mdogo hakuweza kumeza, akanipa lake, nikala na hilo.

Tulipofika juu ya daraja lililofuata, na boga bado mdomoni, nikamuuliza nililokuwa nauliza kila siku.

"Habari ya Kindu haijafika?"

"Twende kwanza, mama."

"Nikirudi nitamuambia mutoto kama nilikula boga kwa wazungu. Atasema bibi anapika nzuri kushinda."

Alishuka daraja mbele yangu haraka, kwa mtu wa umri wake. Mimi nikawaka kwa hasira. Viatu vilikuwa vya Madame, na vilikuwa vimeshanila visigino.

"Baba mudogo! Unatafuta nini kweli? Miguu yangu imekwisha!"

"Natafuta nafasi ya kukaa."

"Nafasi njo hizi zote! Si ukae!"

"Hapana. Hii yote iko juu ya maji."

Nilimwambia amezeeka. Nilimwambia kwamba joto la jiko limempanda kichwani, kwamba siku moja ya ruhusa anaipoteza kugonga mawe kama mwendawazimu, kwamba nitamsema kwa ndugu wote tukirudi. Aliyapokea yote. Mtu ataniuliza, wewe mtoto wa Alunguli, hukuelewa? Sikuelewa. Mawe yale kwangu yalikuwa nchi kavu. Nilikuwa nayakanyaga, hayayumbi, yana nyumba juu yake na watu wanapika humo. Yeye ndiye aliyekuwa ndani ya mtumbwi tangu asubuhi, peke yake.

Mwisho tukafika nyuma ya kanisa la matofali, penye ukuta mrefu na lango lililoachwa wazi. Ndani kulikuwa na bustani. Matuta ya vitunguu, kabichi, mizabibu juu ya miti, na mtawa mmoja wa kanzu ya kahawia anapalilia. Baba mdogo, ambaye hakuwahi kuingia kwa mtu bila hodi, aliingia moja kwa moja. Alipiga magoti kwenye tuta, akachimba kwa vidole mpaka mkono ukazama, akatoa donge, akalinusa. Nyungunyungu alikuwa anajinyonga ndani yake. Akamtazama yule mtawa, akaonyesha chini, chini zaidi. Sijui mtawa alielewa nini. Alichukua jembe lake, akalipiga mpaka chuma chote kikaingia, akatikisa kichwa kukubali.

Baba mdogo akanigeukia.

"Kuya, mama. Uvue viatu. Ukae chini."

Nikajua. Nilijua yote, tangu vifungo vya koti.

Nilikuwa bado nimesimama kizingitini, kwenye lile jiwe refu la lango. Nikashika nguzo kwa mikono yote miwili.

"Baba mudogo, turudi."

"Kuya ukae."

"Hapana. Miye niko juu ya maji. Umesema weye mwenyewe, hii mawe iko juu ya maji. Huwezi kuniambia kitu!"

Wala hakuniambia. Alisimama kwenye udongo amenyoosha mkono, machozi yanamshuka kwenye mvi za ndevu, na hakufungua mdomo. Angeweza kusema. Ilikuwa hatua chache tu kati yetu, na mimi nilikuwa nimeshajua, na yeye alijua kwamba nimejua. Lakini desturi ni desturi, na maadamu niko juu ya jiwe lile hakuna neno ambalo lingenifikia. Nikaliona hilo waziwazi. Nikisimama hapo mpaka jioni, mtoto wangu ni mzima mpaka jioni. Nikilala hapo, atalala mzima. Nilikumbatia ile nguzo nikamwambia Mungu kwamba sihitaji kingine, nipewe jiwe hili tu, nikae juu yake.

Kisha nikaitazama miguu ya baba mdogo. Mzee yule alikuwa hajala tangu asubuhi. Alikuwa amembeba mtoto wangu mji mzima, daraja baada ya daraja, akipigiwa kelele na mimi, akichekwa na watu, na hakuwa na mtu wa kumpokea mzigo. Nilimwonea huruma. Nadhani kama si huruma ile ningekuwa nimesimama pale mpaka leo.

Nikavua viatu. Nikashuka. Udongo ulikuwa baridi na laini, ukapenya kati ya vidole. Nikakaa kati ya vitunguu, nikainua uso.

"Haya," nikasema. "Sema."

Akakaa mbele yangu, akanishika mikono.

"Kikohozi imemushinda, mama. Mutoto wetu haiko tena. Wamemuzika kule kwetu Alunguli, mama yako alikuwa naye mpaka mwisho."

Nililia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti yote, nikijitupa chini. Madirisha yakafunguka juu ya ukuta. Mtawa aliweka jembe, akaja akakaa nasi chini na kanzu yake.

Wakati wa likizo uliobaki walinipeleka kuona mengine, jumba kubwa la watawala wa zamani na kanisa lenye dhahabu, na sikumbuki hata moja. Vichochoro vile ndivyo ninavyovikumbuka, na madaraja yale yote, maana hayo niliyapanda nikiwa bado na mtoto. Najua alikuwa ameshazikwa. Najua siku zilikuwa zimepita kabla habari haijavuka bahari kumfikia bwana. Lakini kwangu mimi hakufa Alunguli. Alifia kwenye bustani ile, alasiri, na zile saa tulizozunguka asubuhi, mimi nikifoka na kucheka, ni umri ambao baba yangu mdogo alimwongezea kwa miguu yake. Sikumshukuru. Alikufa kabla sijapata neno la kumwambia.